Viatu vya Sindano

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea kaa chini kwanza. Wifi hajambo? Watoto je? Huku tunaamka salama. Shemeji yako anakusalimu, na mama anakohoa kidogo tu, ila kila akikohoa anakuulizia wewe.

Barua yako niliipata juzi, nikamsomea mama. Alicheka hadi machozi pale uliposema wewe, Sindano wetu wa tangu utotoni, sasa umekuwa gunia, uso umejaa, miguu imenenepa, hata unachomelea mageti ya watu ukiwa na kandambili kwa sababu viatu havikuingii. Ukasema ni mapishi ya wifi. Ukaniagiza nikununulie viatu vya namba kubwa. Nilicheka na mama, kisha nikaenda kukaa peke yangu jikoni.

Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungegeuza kila neno mzaha hadi salio liishe.

Kazi yangu unaijua. Wale madaktari waliotoka nchi mbalimbali bado wapo zahanati, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Wanasema mashine za kusafisha damu ni mbili tu kwa eneo lote hili, na wengi hufa kabla zamu yao haijafika. Ndiyo maana wametufundisha sisi wanawake wa mtaani kuwatafuta wagonjwa wa figo mapema, kabla hawajajijua. Napita mlango kwa mlango nikiomba mkojo. Wananiita Mama Vichupa. Fundi viatu alinijazia chai ya rangi. Nikachovya kikaratasi cha kupimia, nikamtangazia kwamba ana ujauzito.

Kikaratasi kikibaki njano, tunaagana. Kikigeuka kijani, figo zina shida. Niliona kijani kwa muuza mkaa, yule aliyejisifu kwamba hajui hata kitanda cha hospitali kikoje. Yeye naye alianza kwa kuvimba miguu, akadhani ni unene. Sasa mkaa anauza mkewe.

Siku ya kwanza ya mafunzo, miezi miwili iliyopita ulipokuwa umetutembelea, kila mmoja wetu alileta mkojo wake wa asubuhi tujifunzie. Kichupa changu peke yake ndicho kilichotoa kijani, tena kijani cha kutisha. Daktari mkuu, mama mmoja mpole, alinishika bega akasema nitapimwa damu mashine ya kupimia ikitoka forodhani. Nikaitikia tu. Juma hili imefika, na jana majibu yakatoka: figo zangu ni nzima kabisa. Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nikaangua kilio.

Kaka, unaikumbuka asubuhi ile? Nilikuwa nimeshatoka chooni kwa mazoea, na kichupa kimebaki kikavu mezani. Ukakichukua ukicheka, ukasema baba mmoja, mama mmoja, damu moja, basi na mkojo ni mmoja. Ukakijaza pomoni, povu limesimama juu, ukatania kwamba ni bia. Nami nikaandika jina langu.

Niliona aibu kusema nimepeleka mkojo wa mtu mwingine. Nikajipa moyo kwamba kikaratasi kimekosea. Nisamehe, kaka. Naogopa.

Jana nilimweleza daktari yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu unatumia dawa gani, nikamtajia vile vidonge vya mgongo unavyotafuna kama karanga. Akaweka kalamu chini. Alisema vinaumiza figo, usimeze hata kimoja tena, uje haraka, huenda kuna cha kuokoa. Alisema huenda, nami nikaja moja kwa moja kukuandikia.

Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anarudi huku kesho alfajiri. Panda naye. Geti la mtu litangoja. Mama sijamwambia, anajua unakuja kutuonyesha kitambi.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Viatu sijanunua. Njoo na kandambili zako, nataka vile vya zamani vikuenee tena.

Dada yako akupendaye,
Mama Vichupa