Mama, Baba Amekubali Kuandikiwa Wasifu

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ututoke, na meza yako ya sebuleni bado iko pale pale dirishani. Shangazi alishauri tuiuze. Tulimkatalia bila kumung'unya maneno.

Ulikuwa karani wa ajira miaka ishirini na mitatu, ukifungua bahasha za waombaji na kuona watu wazuri wakitupwa kapuni kwa sababu hawakujua kujieleza. Ulipostaafu ukawafungulia mlango wote waliotaka kubadili kazi, ukiwaandikia wasifu wa kuombea kazi. Neno "mchapakazi" ulilipiga marufuku. "Hata mvivu kaliandika," ulisema. Ulikuwa unawauliza tu, "Haya, niambie siku yako ya kazi, toka ulipofika mlangoni." Wanasimulia, unaandika, kisha unawasomea. Yule dobi aliyetaka kazi ya stoo alilia kusikia kumbe anajua mambo yote yale. Ukampa leso, ukamwambia ajifute haraka, tarehe bado hazijakaa sawa.

Aliyekushinda ni mmoja, Baba. Miaka ishirini na sita kwenye usukani wa lori, mpaka macho yakagoma na leseni ikaenda. Ukimwita mezani, ghafla anakumbuka bomba linavuja. "Mimi ni dereva," alikuwa akisema. "Nisipoendesha, sina cha kuandikwa." Uliondoka ukimwacha anashinda barazani, na tunajua jambo hilo lilikuuma mpaka mwisho.

Tulikulilia, Mama, kisha tukasema basi. Watoto wote wanne tulimkalisha Baba mezani, dada mkubwa akashika kalamu. Mara ya kwanza tulijiaibisha. Tulimwita "mtaalamu wa usafirishaji", akasoma, akauliza huyu ni nani. Tukarudi kwenye njia yako. Kumbe Baba ndiye aliyekuwa akihesabu mzigo, akipanga nani ashushiwe kwanza, na kuwatuliza wateja wenye hasira hadi wakacheka naye. Kurasa mbili zilijaa.

Alikataliwa mara nne. Kila mara tulikaa tena, tukarekebisha, tukatuma kwingine. Mara ya tano ghala moja la dawa lilikuwa linatafuta mpangaji wa safari za magari. Fomu yao ilitaka jina na simu ya mtu anayeijua kazi ya mwombaji. Baba aliijaza na kuipeleka bila kutuonyesha. Aliporudi ndipo alipotuambia: alikuandika wewe.

"Baba, lakini unajua Mama hayupo."

"Najua," alisema. "Ila anayeijua kazi yangu ni yeye. Ningemwandika nani?"

Siku tisa baadaye simu yako, ambayo kitinda mimba wetu amekataa kuizima, iliita. Aliipokea, akamweleza bwana wa ghala ukweli wote, kwamba mwenye simu alifariki na mwombaji ni mumewe. Yule bwana akauliza, "Angekuwepo, angetuambia nini?"

"Angesema mchukueni, hatawaangusha. Ila asubuhi msimsemeshe kabla hajanywa chai."

Kila Jumamosi tunaendelea kuwapokea watu wako, Mama. Mlango haujafungwa, wala hatuna mpango wa kuufunga.

Unakumbukwa na watoto wako wanne, wakwe zako, wajukuu sita, Shangazi, na mumeo, mpangaji wa safari za magari, anayeanza kazi Jumatatu.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama, siku zote za uhai wetu.