Ku Masomo, Papa Faida Ni Mutu Mwingine

Mupendwa mama mushauri, naomba unisaidie mbele Jumamosi ifike, kwa sababu ikifika bila jibu yako mimi napanda pikipiki ya kwanza yenye kwenda Salamabila na sirudi tena, nitaingia mu shimo ya dhahabu pamoja na watu wengine wa hovyo, kule hakuna mutu anauliza nani ni baba ya nani.

Niko mwanaume wa miaka makumi ine na saba, masomo nilifika paka ya sita primeri, nauzisha mawese hapa Kasongo karibu na parkingi ya mamotari. Bibi yangu anaitwa Régina. Watoto wetu wakubwa wawili walibaki Kabambare kwa shangazi yao, na wa mwisho njo Faida, iko na miaka kumi na moja, anasoma ya tano. Tulihamia hapa mwaka jana, watu walikuwa hawatujue, mutoto walimuona ni Faida tu, njo wakaniita Papa Faida. Régina anauzisha samaki, kila Ijumaa anaenda Nyangwe kuichukua ku wavuvi na anarudi Jumapili, siku ya Mungu, magaribi, kwa hiyo mambo yote ya Jumamosi inabakia kwa mimi, na hapo njo zambi yangu ilianzia.

Direkteri wa masomo, ile shule ya Faida, aliita wazazi wote Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Régina akaniambia mbele ya kwenda: "Papa Faida, kesho uende, usinitie haya." Nikamujibu naenda, na haki ya Mungu nilikuwa naenda kweli, nilinawa, nikavaa koti, lakini njia inapita ku parkingi, na ku parkingi kuko Célestin. Célestin ni motari, anabeba watu na pikipiki, mutu mufupi, sauti sawa ngoma, hana bibi, hana mutoto, na kila siku tunacheza dame na vizibo vya chupa. Akaniita: "Mukubwa, kuja tumalize ile ya jana." Nikamuambia niko na reunion ya wazazi. Akasema: "Unaogopa kupigwa, njo maana unakimbilia wazazi." Mimi nikasema sawa, tucheze, lakini nikikupiga ni wewe utaenda ku ile reunion. Mamotari wote wakapiga kelele. Nikamupiga, mama, nikamumalizia vizibo vyote, hakubakia hata na kimoja, na Célestin ni mutu wa neno lake, akaomba koti yangu, akaivaa, mikono ikamufunika vidole, akaenda.

Na wewe mama unajua vile tunaitana. Mutu akizaa, jina yake inalala, anakuwa papa ya fulani paka kufa. Direkteri hakuuliza jina, aliuliza tu: "Weye ni papa ya nani?" Célestin akajibu: "Papa Faida." Wakaandika Papa Faida, yuko. Ikaisha.

Alirudi saa sita. Nikamuuliza, walisema nini?

"Choo ya wasichana haina mulango. Nikawaambia, mutafute mbao ine na wazazi sita, kazi ya siku moja. Wakanipigia makofi."

"Nani alikutuma useme?"

"Direkteri aliomba wazazi waseme. Mimi ni muzazi."

"Muzazi wa nini, weye?"

"Wa Faida," akasema, na akanirudishia koti yangu sawa mutu aliyetoka ku harusi, na mamotari wakaanguka chini na kucheka, na mimi pia nikacheka, nilicheka kuliko wote.

Mulango ikawekwa. Reunion ya pili akaenda bila tucheze, alikuja tu kuomba koti. Ya tatu wakachagua komite ya wazazi na akarudi ananiambia: "Mukubwa, wamekuchagua prezidenti." Nikamuambia wamekuchagua weye. Akasema hapana, waliandika Papa Faida.

Kisha ikaanza salongo, kazi ya wote pamoja, ya kujenga kalasi mupya, kila Jumamosi wazazi wanakanyaga udongo na kupiga matofali, Célestin njo anawapanga, na mimi niko ku parkingi nacheza dame na wale hawajui hata kucheza. Siku ya Mungu mbele Régina arudi, namwanga maji nyuma ya nyumba, nakanyaga matope paka ku magoti, naacha ikauke. Anafika, anaona miguu yangu, anasema: "Mwanaume wangu amebadilika," na anachinja kuku. Nilikula paja ya ile kuku, mama, na haikunikwama hata kidogo.

Ku soko wanamusifu Régina juu ya bwana yake. Mama mumoja alimuambia: "Bwana yako iko mufupi lakini iko na nguvu." Mimi ni murefu, mama. Régina akarudi anacheka: "Walikuona umeinama mu udongo." Nikasema ndiyo, nilikuwa nimeinama.

Faida alijua tangu mwanzo. Nilimuambia Célestin ni mimi nilimutuma, usimuambie mama, nikamupa mandazi, akacheka. Kila reunion alikuwa anakuja kuomba mandazi yake. Kisha akaacha kuomba. Hapo njo ilifaa niogope, lakini mimi nilifurahi kwamba mandazi imebakia.

Mwezi uliopita niliona karatasi yake juu ya meza, mwalimu wao, Rosine, aliwapa waandike juu ya baba yao, kwa Kifaransa, na Kifaransa ya mimi inaisha ku bonjour. Nikaibeba ku Célestin anisomee. Akaanza na ile sauti yake: baba yangu anapiga matofali na wazazi, baba yangu anaangalia kaye yangu ya kuandikia na anauliza mwalimu fasi gani nakosea. Kisha akashusha karatasi.

"Endelea."

"Inatosha, mukubwa, ingine ni salamu tu."

"Célestin, endelea."

Akasoma polepole, nilikuwa sijamusikia akiongea polepole hata siku moja: "Baba yangu anaendesha pikipiki."

Mimi siko na pikipiki, mama.

Akakunja karatasi mara ine, akasema labda mutoto alikosa maneno ya Kifaransa. Hatukucheza siku ile.

Sasa Jumamosi hii wanafungua kalasi mupya na kugawa buletini, zile karatasi za pointi, na direkteri alituma barua nyumbani: Papa na Mama Faida, fasi yenu ni mbele kabisa. Régina ameacha Nyangwe wiki hii. Ameshona kikwembe, na kitambaa ileile amenishonea shati, jana ananipima ku mugongo anasema: "Simama sawa, prezidenti." Nikasimama sawa. Nimefikiri nilale na malaria. Nimefikiri malaria ishike Célestin, mimi nikae mbele na niseme hotuba, na nilimuomba vile, akakataa, anasema hotuba amekwisha kuiandika na iko na fasi ya kuchekesha.

Na kitu kingine kidogo, sikumuambia mutu. Kule Kabambare zamani nilienda reunion mara moja, mwalimu akanipa kaye ya mutoto wangu mukubwa mbele ya wazazi wote, akasema soma hapa, baba, uone vile anaandika. Nikasoma vibaya. Wakacheka, na mutoto wangu alikuwa ku dirisha. Lakini hiyo ni ya zamani, haiko kitu.

Nifanye nini? Tafazali usitaje jina.

Ni mimi, Papa Faida wa kweli, Kasongo.

MAMA PASCALINE ANAJIBU KU RADIO

Baba, barua yako nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka paka fundi wetu wa studio akagonga kioo akifikiri nimezidiwa. Mara ya pili sikucheka. Majina yote nimebadilisha, na usinishukuru, nilifanya vile kwa ajili ya bibi yako.

Unajua nani aliniletea ile barua? Mwanaume mufupi, wa pikipiki, sauti yake ilinifikia mbele yeye mwenyewe afike. Nikamuuliza, barua ni yako? "Hapana mama, nimetumwa." Baba! Hata kutubu, unatuma mutu? Siku ya kufa utamutuma nani?

Nilimupa kiti, nikamuuliza habari ya mutoto. Alivua kofia yake. Akasema: "Mama, ule mutoto nikifika anafurahi, siwezi kukudanganya. Lakini siku ya buletini, wakiita jina yake na mimi nikasimama, haniangalie. Anaangalia mulango." Sikia vizuri, baba. Mwaka muzima mutoto wako anaangalia mulango, na weye unahesabu vizibo.

Usijitetee na ile karatasi ya Kifaransa. Mutoto aliombwa aandike juu ya baba yake, akaandika ule aliyemuona. Ulitaka aandike nini, baba yangu anakanyaga matope nyuma ya nyumba?

Sasa ile "kitu kidogo" yako. Umeiweka mwisho, chini kabisa, sawa muuzaji anaficha samaki ya kuoza chini ya kitunga. Pua yangu imeiona. Dame ilikuwa kisingizio tu: ulifurahi kumupiga Célestin kwa sababu uliogopa kupewa kaye. Pole, nasema kweli. Mwalimu ule wa Kabambare alikosa, na wale waliocheka walikosa zaidi, wengi wao wenyewe wangesoma vibaya kuliko weye. Lakini Faida hakucheka. Faida hata hakuwa amezaliwa. Kwa nini yeye njo analipa? Mwalimu akikupa kaye, umurudishie, umuambie: "Mwalimu, Kifaransa inanishinda, unielezee kwa Kiswahili." Wazazi kumi nyuma yako watapumua, kwa sababu nao kila siku wanatikisa kichwa na hawaelewi kitu.

Malaria, hapana. Salamabila, hapana, kule wanaume wenye kukimbia bibi yao wamekwisha kujaa, hawana fasi ya mwingine.

Leo ni Alhamisi. Unaenda kwa Régina sasa hivi, mbele ya bugali, unamuambia yote, na ile paja ya kuku ndani. Usianze na "Célestin alifanya." Anza na "mimi." Atapiga kelele, mwache apige, ni haki yake, amesifiwa mwaka muzima juu ya mwanaume wa watu. Akikupasulia shati, vaa ya zamani. Kisha uchinje kuku weye mwenyewe na uipike weye mwenyewe, na paja zote mbili ni zake. Na kama unanisikiliza hapo ku mawese yako na unafikiri utamuambia kesho, ujue kwamba wamama wa samaki wako na radio ku meza yao, na majina nimebadilisha lakini Nyangwe sikuibadilisha. Simama.

Kesho asubuhi, weye na Célestin muende kwa direkteri. Weye njo unaongea kwanza, kwa kinywa yako. Célestin aseme jina yake, ile mama yake alimupa, na wazazi wataamua kama abakie prezidenti ao hapana. Mimi naona watamubakisha. Mutu aliyewekea wasichana mulango ya choo hawezi kufukuzwa kwa sababu hajazaa, na kama sheria ya komite inakataa, basi wamutafutie kazi ingine ya kuongoza matofali. Hotuba ni yake, aisome, na fasi ya kuchekesha asiitoe. Weye utapiga makofi, na salongo ijayo utakanyaga udongo ule wa masomo, yeye njo akupange.

Kwa Faida usiende na mandazi. Umuambie: "Nilikosa, nilikuwa naogopa kaye yako." Maneno hayo tu, halafu unyamaze. Usimuombe akusamehe mbele ya watu, na usimuulize anapenda nani zaidi. Célestin anaweza kuendelea kumusalimia na kumuuliza pointi zake. Mutoto hapati hasara kwa kupendwa na watu wawili.

Jumamosi ufike mapema, kwa miguu yako, na usikae mbele, hata direkteri akikuita. Fasi ya mbele hukuifanyia kazi. Kaa nyuma, ku benchi ya watoto, magoti ikufike ku kidevu, ni sawa. Faida akija kukaa na weye, umusogezee nafasi. Asipokuja, mwezi wa kenda masomo itafungua, wataita wazazi tena, na weye utarudi.