Mama, Baba Bado Anamwonea Wivu Chapuchapu

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu nyumba hii ikose mtu wa kuuliza, "Na ikishindwa je?"

Uliuliza hivyo kazini na nyumbani. Kiwandani, kwenye kazi yako ya kupima hatari, ulichora ule mti wako wa matukio: pampu ya kupoza ikizimika, kengele italia au haitalia? Ikilia, mwendesha mitambo atawahi au hatawahi? Kila tawi ulilipatia kiwango chake cha kushindwa, ukazidisha mpaka ncha ya mwisho, ndipo roho yako ikatulia. Nyumbani mti ulikuwa ni huo huo, ila ulianzia kwenye pasi aliyoisahau Baba.

Tunakumbuka upole wako. Hukuwahi kumwita mtu mzembe. Ulisema tu, "Kila kitu hushindwa, tujue ni mara ngapi." Chai yako uliiacha ipoe kila siku, halafu ukalalamika kwamba imepoa.

Sasa tukwambie ukweli: Baba bado ana wivu, tena wivu wa kusaga meno. Si ulimwambia mezani kwamba Chapuchapu, yule mwendesha mitambo wa kiwandani kwenu, hushindwa kuiwahi kengele mara moja kati ya mia, na yeye mumeo hushindwa kuzima pasi mara moja kati ya nne? Wewe ulikuwa unatania. Baba, fundi cherehani mwenye jina lake mjini, ilimkaa moyoni. Basi Chapuchapu alipokuja juzi kuomba naye awemo kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako, Baba alikunja ndita.

"Hili ni la familia," alisema. "Wewe sifa zako ulishapewa, bwana. Mia nzima!"

Chapuchapu alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Shemeji," alisema, na hata hilo "shemeji" lilimkera Baba, "kiwango changu mkeo alikitoa kwenye mashine inayorekodi kengele. Hakuwahi kukaa akanitazama. Hicho chako cha pasi alikitoa wapi?"

Pasi yetu hairekodi chochote.

"Alikuwa ananiangalia," Baba alisema polepole.

"Miaka yote hiyo," Chapuchapu alimjibu. "Mwenye haki ya kuona wivu hapa ni mimi."

Yaani Mama, ungemwona Baba alivyochangamka! Alimvutia mgeni kiti, akamwambia akae, akamsimulia habari za pasi ile moja baada ya nyingine, kwa maringo. Kisha akatuagiza: aandikwe, lakini awe wa mwisho kabisa.

Unakumbukwa na mumeo, dada yako muuguzi, sisi wanao watatu, mkweo, wajukuu, na huko mwisho kabisa, Chapuchapu.

Daima tutakukumbuka, Mama. Baba amesema tuongeze kwamba yeye anakukumbuka kuliko sisi sote.