Uliyempisha Mama Njiani

Mpendwa Baba Kulwa,

Leo asubuhi kaka yako Masanja amekuchukua kukupeleka kwake Nkololo, lakini barua hii siipeleki huko. Aliyekwenda Nkololo hamalizi mistari miwili kabla hajakasirika na kuchana karatasi. Ninakuandikia wewe uliyetoka hapa Dutwa mwaka juzi kwenda Bariadi mjini kununua spoki na tyubu, ukapanda bodaboda wakati wa kurudi, na mimi mpaka leo sijakuona.

Ulirudi, ndiyo, watu wote walikuona. Uliletwa kutoka hospitali na kovu kwenye paji la uso, unatembea mwenyewe, unataja majina yetu sote. Pacha wetu, Kulwa na Doto, walikurukia shingoni kama watoto wadogo. Tulichinja mbuzi, tukatoa sadaka ya shukrani kanisani. Nilicheza, Baba Kulwa, mimi na magoti yangu haya. Sikujua kwamba nilikuwa nacheza kwenye msiba wangu.

Acha nikukumbuke ulivyokuwa, maana watu wameanza kusahau na inaniuma. Ulikuwa fundi baiskeli ambaye wakulima wa pamba walimsubiri hata kama fundi wa jirani amekaa bure. Gurudumu likija limepinda, ulilizungusha, ukakaza spoki hii, ukalegeza ile, kidogo kidogo, bila haraka. Tulipogombana hukupaza sauti. Ulitoka ukaenda kukaa na gurudumu la mtu, na uliporudi ulisema, "Mama Kulwa, tuanze upya, pale tulikwenda vibaya." Mara nyingi mkosaji nilikuwa mimi peke yangu. Ulijua, na bado ulisema "tulikwenda".

Na heshima yako kwa mama yangu. Kwetu mkwe hakai na mama mkwe wala hamtazami usoni, ingawa vijana wa sasa wanaona ni ushamba. Wewe ulipomwona anatoka kituoni na kikapu chake cha viazi vya Ipililo, ulishuka kwenye baiskeli, ukaisogeza kwenye majani, ukainamisha uso mpaka apite. Ndipo ulipomsalimia kwa mbali, "Mwangaluka, mayu." Mama alifika kwangu anajifanya kulalamika. "Huyo mume wako ataumwa na nyoka huko kwenye majani." Kumbe kwao Ipililo alikuwa anatamba nawe kijiji kizima.

Ulipotoka hospitali alikuja kutupa pole. Huyo aliyerudi na sura yako alikwenda kukaa naye kwenye mkeka, akachukua nyama kwenye sahani yake, akamtazama usoni na kumwambia, "Mama, umezeeka vibaya." Akacheka sana. Mama alijifunika kitenge kichwani, akainuka. Mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe wangu mlimzika wapi?" Hakukanyaga tena hapa.

Majirani walisema umerogwa. Wengine walisema hiyo ndiyo tabia yako ya kweli, ulikuwa umeificha tu. Hao wa pili ndio walionitesa zaidi.

Daktari wa Mwanza, binti mdogo mpole, alinionyesha picha ya kichwa chako. Alisema ubongo umejaa chembe zenye nyuzi, zinapelekeana habari, na kwamba hapa mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo panapomzuia mtu asitende kila linalomjia. "Ni kama breki, mama. Zimekatika. Hakusudii." Nikamuuliza zitaunga lini. Akatazama meza, akasema, "Mtajifunza kuishi naye." Wewe ulikuwa unabadilisha breki za watu kabla chai haijapoa! Nikamuuliza, mbona bado ananyoosha gurudumu kuliko mafundi wote? Akasema mazoea ya mikono na miguu yanakaa sehemu nyingine ya ubongo, nayo haikuguswa. Yanaweza kwenda yenyewe, hata bila mtu kufikiri.

Hapo ndipo nilipokatika. Miaka yote nilidhani upole wako ni wewe mwenyewe. Kumbe ulikuwa umekaa mahali padogo, nyuma ya mfupa ambao jiwe la barabarani linaweza kuuvunja. Kama uvumilivu wako ulikuwa nyuzi tu, mimi nilimpenda nani? Padre ananiambia roho haivunjwi na bodaboda. Namwitikia amina, lakini nikirudi nyumbani namkuta mtu anayemtupia Doto kikombe kwa sababu chai imechelewa. Hujafa hujaumbika, watu wanasema, kisha wanakwenda zao. Mjane huletewa unga na kuni, akakaliwa na wenzake mkekani. Mimi naulizwa, "Mzee anaendeleaje?" Najibu anaendelea vizuri.

Jumamosi wanakuja wageni kutoka Lamadi, watu wa biashara ya samaki, kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yetu Kulwa. Ukoo ulikaa. Masanja akasema, "Shemeji, huyu akifungua mdomo mbele ya wakwe, mtoto ameharibikiwa. Akae kwangu mpaka shughuli iishe." Nilimtazama Kulwa nikitegemea atakataa. Huyo uliyemtengenezea kiti cha mbao mbele yako kwenye baiskeli, ukazunguka naye soko zima. Akasema bila kuinua uso, "Mama, naomba baba asiwepo." Nikakubali. Mpaka shughuli iishe, lakini leo Masanja amefunga kwenye baiskeli godoro lako pamoja na sanduku la spana, na mimi nimemsaidia kukaza kamba.

Mama alikubali kuja kwa sharti kwamba akukute umeshaondoka. Basi lake likawahi. Nilikuwa mlangoni nilipomwona anatokea njiani na ninyi ndio mnakwenda, nikashika mdomo.

Ulisimama. Ukaisogeza baiskeli na godoro lake kwenye majani, ukainamisha uso, ukasubiri mpaka mama akapita. Hakuna aliyekuambia. Masanja alikuwa ametangulia, anaongea na simu.

Mama ameingia, amekaa bila hata kusalimia, machozi yanamtoka. "Amenipisha," amesema. "Amepona. Mnampeleka wapi?"

Mgongo wako nilikuwa bado nauona. Ningeita ungesikia. Nikawaza maneno ya daktari, nikawaza Jumamosi, nikamwaza Kulwa. Nikamwambia, "Hajapona, mama. Ni miguu tu."

Amekaa palepale mpaka sasa ninapoandika, anatazama njiani.

Kama ilikuwa miguu tu, basi nenda salama, mume wangu, ulishakwenda zamani. Kama ulikuwa wewe, ujue nilikuona, na sikukuita.

Mkeo,
Mama Kulwa