Mtabiri Kachagua Saa, Mama Kachagua Kliniki, Mke Wangu Anauliza Damu Iko Wapi

Mpendwa mshauri Nirupaben, naomba msaada wako kwa haraka maana zimebaki siku tisa tu, na tafadhali usinikaripie kabla hujafika mwisho wa barua. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, nina duka la vigae, sivuti sigara, namheshimu mama yangu, na mke wangu Jalpa ana mimba yetu ya kwanza ya wiki thelathini na tano. Jalpa ni mpimaji wa maziwa katika kituo cha ushirika, kila alfajiri wafugaji hupanga foleni na ndoo zao naye huchukua kutoka kila ndoo kidogo akapima mafuta na maji, na ubaya wa kazi ile ni kwamba humharibu mtu, haamini tena kitu chochote mpaka akitie kipimo.

Mama alipeleka nyota zetu kwa mtabiri wa ukoo, akapiga hesabu akasema mtoto (ni mvulana, hilo nalo ameliona) akizaliwa Alhamisi ya wiki ijayo saa tano na dakika arobaini na mbili asubuhi, sayari ya Mushtari itakuwa imekaa pazuri na mtoto atakuwa ofisa mkubwa wa serikali, ila akisogea mpaka Jumamosi ataniletea hasara dukani. Basi mama akachagua ile kliniki mpya karibu na kivuko cha reli, kwa sababu wao hukubali saa ya mtabiri na humtoa mtoto kwa upasuaji dakika ile unayoitaka, na ni mahali pazuri kweli, kuna chemchemi mlangoni, wanakupa maziwa yenye zafarani, na vigae vya mapokezi ni vyangu mwenyewe, vya daraja la kwanza, najua kwa kuwa niliwauzia, ingawa vya chumba cha upasuaji hawakununua, walisema vile vya zamani vinatosha maana wageni hawafiki huko.

Tukaenda kuiona. Daktari akatukaribisha vizuri, Jalpa akatoa kijitabu mkobani, nikajua leo nimekwisha. Akamuuliza, "Daktari, mkihitaji damu mnaitoa wapi?" Daktari akacheka, akasema, "Dada yangu, wewe fikiria jina la mtoto, mengine tuachie sisi." Jalpa akamjibu, "Jina lipo. Nauliza damu." Ikabidi aseme kwamba damu huagizwa kutoka ng'ambo ya reli. "Na treni ikiwa inapita?" "Basi tunasubiri geti lifunguliwe." Akauliza mtaalamu wa dawa ya usingizi yuko wapi, akaambiwa anakuja, akauliza anakuja kutoka wapi, akaambiwa ana kliniki nne, anazunguka kwa pikipiki. Mama aliona aibu mpaka akajifunika uso kwa sari.

Tulipofika nyumbani mama akamwambia, "Mimi nimezaa wanne humu humu ndani, sikumuuliza mtu swali hata moja!" Jalpa akanyamaza, na ni kweli mama alizaa wanne, tumebaki wawili, lakini zamani ilikuwa zamani.

Sasa Jalpa anataka kujifungulia kwao, mwendo wa saa moja, katika hospitali kubwa ya serikali ambako watu wanalala wawili kitanda kimoja. Hata baba yake alikuja kumchukua akajifungulie kwao siku ile tulipomfanyia sherehe ya mwezi wa saba, tukampakatisha mchele na nazi kama desturi inavyotaka, wageni mia mbili, mpiga picha alitoka mjini, lakini mama akamwambia mzee arudi na gari lake, kwa kuwa kule kwao hawafuati saa. Jalpa akasema mbele ya watu, "Mila mmeifuata mpaka kwenye picha, ilipofika mlangoni mkaikata." Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Mkunga wa kijiji naye anamchochea, alimpima juzi akasema shinikizo la damu ni mia na hamsini kwa mia moja na kiwango cha damu yenyewe ni nane na kidogo, yaani pungufu, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, mama akaiweka kwenye kabati la madhabahu ili ibarikiwe kwanza. Kichwa kinamuuma Jalpa, ila mama anasema ni hasira. Nirupaben, wewe umesoma, na Jalpa anakusoma gazetini kila wiki, naomba umwandikie maneno ya kumtuliza akili ili Alhamisi ipite salama.

Mume Mtiifu, wilaya ya Kheda

*

Mume Mtiifu,

Barua yako imenifikia siku nne baada ya kuiandika, kwa hiyo siku si tisa tena, zimebaki tano, na nitakukaripia tangu mstari wa kwanza.

Weka gazeti chini. Nenda kwenye kabati la madhabahu, toa ile barua ya mkunga, imekwisha kubarikiwa vya kutosha. Mtie mkeo garini umpeleke hospitali kubwa leo, sio Alhamisi, sio baada ya chai. Mia na hamsini kwa mia moja pamoja na kichwa kinachouma si hasira ya mkwe, ni mwili unaopiga kelele kabla haujaanguka. Akiongeza kusema anaona nyota nyota machoni, au uso umevimba, au anasikia maumivu chini ya mbavu, usianze hata kutafuta funguo, piga 108 gari la wagonjwa lije. Hizo ndizo nyota pekee ninazokuruhusu kuzitazama mwezi huu.

Umefanya? Haya, sasa soma.

Umeniomba nimtulize akili mtu pekee nyumbani kwako anayeitumia. Katika wilaya yetu mfugaji mwenye nyati mmoja haruhusiwi kutumwagia lita mbili za maziwa bila kupimwa, na akitia kikombe cha maji anarudishwa mbele ya majirani. Lakini mtu akijenga chemchemi mlangoni akatundika saa ukutani, tunampelekea wake zetu bila kutumbukiza hata kidole. Jalpa alitumbukiza kipimo, akakuta maji. Wewe unanilalamikia kipimo!

Tena ushahidi umeuleta mwenyewe. Wewe ni muuza vigae. Mtu aliyenunua vigae vya daraja la kwanza kwa ajili ya mapokezi akaacha vya zamani pale mkeo atakapolazwa tumbo wazi, amekwambia nini kuhusu mkeo? Ungemuuzia mteja wako sakafu ya namna hiyo, angekurudishia dukani kwa mateke. Na mtabiri ameona ni mvulana! Daktari anayejua amekatazwa na sheria kukwambia kama ni mvulana au msichana. Mtabiri hakukatazwa kwa kuwa hajui.

Usinielewe vibaya, sipigi vita upasuaji. Huenda daktari wa hospitali kubwa akaona shinikizo lake, akasema mtoto atoke mapema, pengine hata kabla ya Alhamisi yenu, na hapo mtamsikiliza. Lakini sababu iwe ni damu ya Jalpa, isiwe ni cheo cha mtoto ambaye mapafu yake bado yanakomaa. Ofisa mkubwa wa serikali naye anahitaji kupumua.

Wala sikudanganyi kuhusu hospitali ya serikali. Nimeandika juu yake miaka ishirini na sijapata rafiki hata mmoja huko. Mtalala wawili kitanda kimoja. Mfagiaji atawadai pesa akiziita peremende za hongera, atamfokea mkeo akilia, na choo mtakikimbia. Haya ni maovu, na tuliowachagua wanayafahamu ndiyo maana wao wenyewe hawalazwi huko. Basi mama yake Jalpa aende naye, asibanduke, maana mgonjwa mwenye mtu hafokewi mara mbili. Kama mna ndoo na shuka, bebeni. Lakini mle ndani mna benki ya damu, mna mtu wa usingizi ambaye hazunguki kwa pikipiki, na uhai wa mkeo hautasubiri treni ya mizigo ipite.

Nimebakiza mama yako, na hapa napunguza sauti. Umeandika, "alizaa wanne, tumebaki wawili," ukaruka kwenda kwenye jambo jingine kana kwamba umehesabu maboksi ya vigae. Jalpa alinyamaza kwa sababu alisikia hesabu hiyo. Wewe hukuisikia. Mama yako alizika watoto wawili, na sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Mtabiri ndiye pekee aliyempa jibu: saa ilikuwa mbaya. Ndiyo maana anaishika saa kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Usimkejeli. Kaa naye chini mwambie, "Mama, wale wawili hawakuuawa na saa. Hapakuwa na damu, hapakuwa na daktari, na halikuwa kosa lako." Atalia. Mwache alie, kisha msindikize hospitalini.

Akikataa bado, mkamate kwa mila yake. Desturi yetu inasema mimba ya kwanza, baada ya mchele na nazi, binti huenda kujifungulia kwao. Si mimi niliyeitunga, ni bibi zake, na walijua kwamba mwanamke mwenye uchungu anataka watu ambao hawaoni haya kuuliza maswali kwa niaba yake. Mliitimiza kwa wageni mia mbili, mkaivunja kwa mzee mmoja aliyekuja na gari. Mpigie baba mkwe wako, umwombe radhi kabla hujamwomba godoro.

Sasa ile Alhamisi. Mtabiri kasema saa tano na dakika arobaini na mbili ni saa njema, nami sitaki ipotee bure. Saa hiyo wewe na ndugu yako muwe mmelala kwenye benki ya damu ya hospitali, mikono imenyooshwa, kila mmoja anatoa chupa yake. Mama yako akae katikati yenu na saa yake mkononi.