Ndege Iliyokuvusha Ziwa

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Baba angependa niyaache.

Kwanza habari za nyumbani. Tangu tulipokuzika kule Bukoba, kwenye migomba, pembeni ya Babu, Baba amekuwa mtu wa maneno machache. Anakwenda kazini, anarudi, anakula kidogo, anasema "asanteni", basi. Utani wake wa mezani umekwisha. Kijikapu chako cha kahawa ya kutafuna kilibaki juu ya kabati. Wageni walipokuja kutupa pole, Mama alitaka kukishusha ili wapewe punje kama ulivyokuwa ukifanya. Baba akamwambia, "Kiache. Mwenyewe hayupo." Wageni wakawa wanapewa soda. Najua hilo litakuuma, ndiyo maana nimelisema mapema.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mwalimu wa jiografia alilipeleka darasa letu kwenye makumbusho madogo ya ndege za zamani, upande wa kiwanja cha ndege. Wenzangu walikimbilia ndege kubwa. Mimi nilisimama mbele ya ndogo nyeupe, yenye pangaboi moja puani na machela ndani. Kibao kinasema ndege za aina hiyo zilikuwa zikivusha wagonjwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Bibi, nilikusikia kabisa: "Nilipanda mmoja, nikateremka wawili." Ulikuwa ukisema hivyo huku unamenya ndizi, na kila mara Baba alijibu, "Ndiyo maana meli inanichefua."

Nilimwomba Baba twende wote. Akakataa. Nikaomba tena, akatoka nje. Halafu jana asubuhi akavaa ile suti ya kijivu ya mazishi yako, akasema, "Twende." Mimi nikakishusha kijikapu bila ruhusa, nikakificha mkobani. Nilitaka kuacha punje moja kwenye machela, pale ulipolala siku ile.

Mwongozaji ni baba mmoja wa Kisukuma, mnene, mcheshi. Alitupokea kwa "Karibuni, wageni," akatuonyesha mabawa, tangi la mafuta, usukani. Baba aliuliza jambo moja tu, kama ndiyo hii iliyomvusha mama yake. Mwongozaji akajibu kwa upole kwamba zilikuwa kadhaa za namna hii, hawezi kuapa. Nakuambia hivyo kwa sababu ulinifundisha nisipambe habari.

Baba aliinama, akaingia, akapiga magoti kando ya machela, akaweka kiganja kwenye sakafu ya bati. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Bibi, hata kaburini hakulia. Sikujua nitazame wapi.

Nikatoa punje yangu. Mwongozaji akaniona. "Hapana, binti. Humu haachwi kitu, hata mbegu. Mgeni anatazama tu."

Nikafumba mkono kwa aibu. Ndipo Baba akageuka, akakiona kijikapu. Nilidhani atanigombeza mbele ya mtu. Akanyoosha mkono. "Koku, lete hicho."

Akakifungua. Harufu yako ikatoka, ile ya majani uliyokuwa ukichemsha pamoja na kahawa. Akakishika kwa mikono miwili, vilevile ulivyokuwa ukikishika mlangoni, akamwelekezea mwongozaji.

"Bwana, mgeni ni wewe. Mimi nimezaliwa humu. Na kwetu mgeni haanzi maongezi kabla hajatafuna."

Yule baba akacheka. "Wahaya, bwana! Hata kuzaliwa lazima iwe kwenye ndege!" Akachukua punje, akatafuna, akakunja uso. "Mbona chungu hivi? Sukari iko wapi?"

"Tulia, Msukuma. Utamu unakuja nyuma."

Na Baba akacheka, Bibi. Alicheka, machozi yangali shavuni.

Baada ya hapo mwongozaji aliniruhusu nikae kwenye kiti cha rubani. Miguu yangu haikufika kwenye pedali. Baba akasema, "Utakua." Neno moja tu, lakini nimelala nalo.

Jioni jirani alipopiga hodi, Baba mwenyewe ndiye aliyepeleka kijikapu mlangoni. Mama akakimbilia jikoni, akajifanya anakoroga mboga. Sasa kinakaa mezani.

Punje zilizobaki ni chache. Nakuahidi zitakapokwisha kijikapu hakitakaa kitupu. Tukija Bukoba nitachuma kahawa mbichi kwenye miti yako, nitaichemsha na majani yake na kuianika kama ulivyonionyesha, na punje ya kwanza nitakuletea wewe pale migombani. Nitaendelea pia kusoma, mpaka miguu ifike. Pumzika, Bibi. Huku mlango wako uko wazi, na anayeingia anatafuna.

Limebaki moja, nalo naomba unijibu upesi, hata kwa ndoto, maana Baba na yule mwongozaji walibishana mpaka getini na wewe hukuwahi kutuambia: Baba alipolia mara ya kwanza, mlikuwa bado juu ya maji, au mlikuwa mmekwisha kuiona Mwanza?