Neno Ambalo Mama Hakulisema

Njombe, 14 Julai

Kwako mdogo wangu Linus,

Natumaini barua hii itakukuta hai na mwenye afya, na neno hilo “hai” siliandiki kwa mazoea. Mimi sijambo, baridi ya hapa Njombe unaijua. Mama yupo Kitandililo, magoti yanamsumbua lakini shamba halijamshinda. Simu yako ya zamani haipatikani, kwa hiyo barua nimempa dereva wa basi la Ludewa, ambaye ameahidi kukuulizia sokoni.

Najua ulikuja. Shedrack wa bodaboda, aliyekupeleka Kitandililo na kukurudisha stendi ya Makambako, amenieleza kuwa hukusema neno njia nzima ya kurudi. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuamua kwamba mama alikufukuza.

Jumapili kabla hujaja, nilikwenda Makambako kuliandikia gazeti habari za banda la video la Ambrosi. Lilikuwa linajaza watu kwa filamu ya zamani, isiyo na rangi, ya mnyonya damu. Mama na jirani yake Zipora walitoka misa wakanifuata humo. Ambrosi husimama kando ya runinga akitafsiri kwa Kiswahili, na huongeza ya kwake. Ukungu ulipotanda kwenye picha alisema jamaa huyu lazima atakuwa wa Njombe. Watu wakacheka. Waliacha kucheka pale kijana aliyezikwa aliporudi kwao, akasimama nje na kumwita mama yake. Maiti yule hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Ambrosi alimpa sauti ya kinyonge: mama, hunikaribishi? Kisha akamgeukia mama yetu mbele ya watu wote, akamwambia haya, Mama Letisia, mfungulie basi mtoto anapigwa na baridi!

Baadaye niliwauliza watazamaji kinachotisha ni nini. Ema, muuza mboga, alisema si meno, maana hata mbwa wake anayo. Zipora alisema ni macho. Mama alifikiri kwanza, akasema ni adabu yake: anapiga hodi, anangoja, na aliye ndani bado anampenda. Niliiandika kauli hiyo kama ilivyo. Mhariri aliisifu. Sikujiuliza mama ameitoa wapi.

Wiki hiyohiyo ukaja wewe, mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la jiko. Mama anasema alisikia hodi, kisha salamu yako ya Kibena. Akauliza nani. Ukajibu ni mimi, mama. Akachungulia kwenye ufa wa mlango, akakuona umekonda, umejifunika kichwa. Hakufungua. Ndipo ukasema, mama, hunikaribishi? Maneno yaleyale. Akarudi nyuma na rozari mkononi mpaka aliposikia pikipiki ikiondoka. Furushi la usipa, dagaa wa ziwani, uliloacha kizingitini alilichoma moto.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mimi nimelijua juzi. Tulipomzika baba hukuonekana, na kila tuliyemtuma kukutafuta huko Ludewa, ziwani, alirudi bila habari. Mama aliamini kwamba mwanawe hawezi kukosa kumzika baba yake akiwa hai. Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, jina lako lilisomwa kanisani baada ya jina la baba. Alilipeleka yeye mwenyewe bila kunishirikisha. Alikulilia, Linus, akamaliza. Aliyepiga hodi siku ile, kwake, alikuwa amekwisha kuombewa.

Nilipompa habari za Shedrack hakulia. Aliuliza kama ulikuwa umevaa koti. Kesho yake akaenda kwa padri kuomba jina lako liondolewe kwenye orodha ya marehemu. Padri akamjibu kuwa misa haimdhuru aliye hai. Hakuridhika. Ameomba isomwe nyingine, ya shukrani, na hiyo anataka uisikilize ukiwa umekaa karibu naye.

Zipora anakusalimu na anasema yeye angefungua. Usimwamini, tangu siku ile ya filamu hata mimi ananihoji kupitia dirisha. Mama naye anakusalimu. Mlango wake sasa uko wazi kutwa, baridi inaingia, na kuku pia. Nilimwambia neno lile husemwa mgeni akiwa mlangoni, halitumwi kwa barua. Akasema niandike tu, likukute hukohuko uliko: karibu.

Dada yako,
Letisia